Refa wa Baharini

Mashindano ya matanga ni mchezo ambao sheria yake inamtaka mkosaji ajihukumu mwenyewe, papo hapo, bila kungoja filimbi. Nahodha akimziba mwenzake mwenye haki ya njia, anatakiwa ajitenge na wengine, kisha akizungushe chombo chake duru mbili kamili: omo ivuke upepo, tezi ivuke upepo, kisha omo tena na tezi tena. Akigusa boya, duru moja inamtosha. Huku yeye anazunguka, wenzake wanakwenda, na masafa aliyoyahangaikia tangu mwanzo yanamponyoka. Hakuna aliyemwamuru. Mara nyingi aliyeliona kosa ni yule aliyekosewa tu, na pengine hata yeye hakuliona, kwa kuwa tanga lilimziba macho.

Niliyaeleza haya jioni moja Biryogo, kwenye zile meza za nje barabarani ambako magari hayapiti tena. Mimi ni mtu wa visiwa vya Lamu, na hapa Kigali nafanya kazi ya uwakala wa forodha, kazi ambayo mwenye mali hutamka mwenyewe thamani ya mali yake kabla mtu yeyote hajafungua kontena. Habari ya mtu kujisemea kabla ya kuulizwa naiishi kila siku. Kijana mmoja aliyekuwa amejitolea kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli, Septemba 2025, akaniuliza: "Sasa Mzee, huko baharini refa anakaa wapi?"

Nilimwelewa. Yeye ameuona mchezo unavyosimamiwa. Wanaume wale waliendesha kilomita 267.5 juu ya vilima vya Kigali, wakapanda hata Kwa Mutwe huku kwetu Nyamirambo, na katika zaidi ya 160 walioanza wakamaliza 30. Pikipiki za waamuzi ziliwafuata, magari ya waamuzi yaliwafuata, kamera ziliwatazama kutoka juu. Tadej Pogačar alishinda chini ya macho ya watu tangu mita ya kwanza mpaka ya mwisho. Lakini uwanja wa matanga hauna mistari. Upepo unapogeuka, njia fupi ya dakika iliyopita inakuwa njia ndefu, na vyombo vinatawanyika maili kadhaa, kila kimoja na shauri lake.

Nikamwambia refa ni nahodha mwenyewe. Akanijibu bila kusita: "Basi shirikisho la nini?"

Hilo ndilo swali. Ikiwa dhamiri ya mtu ndiyo inayohukumu, ofisi inaongeza nini? Na kwa sisi tunaosali, swali linazidi uzito: ikiwa Mwenyezi Mungu anaona, kamati yenye katiba, wajumbe na muhuri inaona kipi ambacho Yeye hakukiona?

Kigali inayajua mashirikisho ya michezo kwa sura moja tu. FIFA walifanya mkutano wao mkuu hapa Machi 2023, wakuu wa mbio za magari wakaja Desemba 2024, kisha wa baiskeli. Mtu aliyesimama kando ya barabara iliyofungwa anaona misafara, anasikia habari za kura na za haki za matangazo, na anaweza kuondoka na imani kwamba kusimamia mchezo maana yake ni kuumiliki. Sikatai kwamba sura hiyo ipo. Ninachosema ni kwamba si hiyo inayompa mtu haki ya kutoa amri juu ya upepo wa wengine.

Shirikisho la matanga la dunia linaitwa World Sailing. Lilianzishwa Paris, Oktoba 1907, kwa jina la International Yacht Racing Union, likabadili jina 1996 na tena 2015. Lilizaliwa kwa haja ya kipimo. Kabla ya hapo nchi za Ulaya zilikuwa na hesabu zao tofauti za kupima chombo cha mashindano, kwa hiyo chombo kilichokuwa halali kwao kinafika kwa jirani kinaambiwa ni kirefu mno au tanga lake limezidi. Katibu wa chama cha Waingereza, Brooke Heckstall-Smith, alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba watu wakae pamoja. Wakakaa London 1906, wakakubaliana kanuni moja ya vipimo, na mwaka uliofuata wakaunda umoja wa kuilinda. Amerika ya Kaskazini ilibaki na sheria zake za mbio mpaka 1960, pande mbili zilipoafikiana kitabu kimoja. Kitabu hicho hupitiwa upya kila baada ya miaka 4, na kinachotumika sasa ni cha 2025 hadi 2028.

Hapa pana jibu la kwanza kwa kijana wangu. Waaminifu wawili wenye pishi mbili tofauti watagombana mpaka kiama, na kila mmoja atalala usiku akiwa na hakika kwamba amedhulumiwa. Dhamiri safi haimwambii mtu pishi ya mwenzake ina ukubwa gani. Ndiyo maana miji ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na muhtasib, aliyepita sokoni akikagua mizani na vibaba. Hakuwa akisoma nyoyo, wala hakudai kuzisoma. Alihakikisha tu kwamba mwenye moyo mzuri na mwenye moyo mbaya wanapima kwa chombo kimoja, ili mwema asionekane mwizi kwa sababu ya kibaba alichorithi.

Lakini kipimo ni kazi nyepesi. Iliyo nzito ni ile ya kumwekea mkosaji njia ya kurudi.

Wanazuoni wetu wanafundisha kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kosa likigusa haki ya mja, linaongezwa sharti la kumrudishia haki yake. Kanuni za matanga, zilizoandikwa na watu ambao pengine hawakuwahi kukaa kwenye darsa yoyote, zinapita njia hiyohiyo. Duru mbili zinatosha kwa kosa la kawaida la njia. Lakini kosa likimjeruhi mtu, au likiharibu chombo vibaya, au likimpa mkosaji faida kubwa ambayo hata baada ya kuzunguka bado anayo, basi hana budi kujitoa kwenye mbio zile. Huwezi kuzunguka mara mbili ukabaki na ulichopora. Na anayegundua kosa lake baada ya kufika ufukweni hajafungiwa mlango: anaweza kwenda kwa kamati na kusema, niondoeni.

Asiyekiri naye ana njia yake. Aliyekosewa anamnadia palepale kwamba anamshitaki, na kwenye vyombo vikubwa anapandisha bendera nyekundu. Jioni wanakaa mbele ya jopo, wote wawili, na mashahidi wao, kila mmoja akimsikia mwenzake na akiruhusiwa kumhoji. Ni usia uleule Mtume aliompa Sayyidna Ali alipomtuma Yemen kuwa kadhi, kwamba asimhukumie wa kwanza kabla hajamsikia wa pili.

Nimelifikiria sana hili la duru mbili, na naona hekima yake imo katika kuwa mbili, si mia. Adhabu isiyo na kipimo humfanya mtu mwoga afiche kosa, na humfanya mcha Mungu ajitese kupita haki. Nimewaona wa aina zote mbili, misikitini na maofisini. Ofisi inayokuja na kusema "kosa lako ni kubwa kiasi hiki, lipa kiasi hiki, kisha endelea" imemfanyia mkosaji jambo ambalo dhamiri yake peke yake haiwezi, kwa sababu dhamiri ni hodari wa kushitaki lakini haijui kufunga kesi.

Mtu anayeishi Kigali hawezi kuandika juu ya kukiri kosa kana kwamba ni habari ya michezo tu. Mimi ni mgeni hapa, na sitaki kuyaweka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kwenye mizani moja na mbio za matanga. Hakuna mizani hiyo. Ila majirani zangu walikaa kwenye nyasi, kati ya 2002 na 2012, mahakama za gacaca zilipopitia kesi karibu milioni 2, na wale wanaopenda kulizungumza wananiambia kwamba kukiri kulikuwa na uzito pale kulipompa aliyedhulumiwa kitu mkononi: mahali mwili ulipotupwa, jina la aliyekuwapo, mali iliyorudi. Kukiri kwa ajili ya kupunguziwa kifungo, watu walikutambua kwa kusikiliza tu. Kwao nimejifunza kwamba hakuna ofisi inayoweza kumlazimisha mtu ajute. Inaweza kumwekea mahali pa kusimama siku akiamua kusema, na kumwekea aliyeumizwa mahali pa kusikia na kujibu. Zaidi ya hapo ni kati ya mtu na Mola wake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kanuni ya kwanza kabisa katika kitabu cha matanga haihusu upepo, haihusu njia wala vipimo. Inasema chombo na watu wake watatoa kila msaada wanaouweza kwa mtu au chombo kilicho hatarini. Mbele zaidi, kwenye sehemu ya mashauri, imeandikwa kwamba aliyepoteza nafasi yake kwa kutii kanuni hiyo ana haki ya kufidiwa. Zote mbili zinahitajiana, na nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa kijana kwenye mashua ya nahodha mmoja wa kijijini kwetu, mtu mkavu wa maneno. Tulikuwa kwenye mbio, kusi imekaza, sisi tumejipanga juu ya ubao uliotokezwa nje ya ubavu ili chombo kisilale, na tulikuwa wa pili. Mashua iliyokuwa nyuma yetu kidogo ikavunjika foromali, tanga likaanguka majini, likanywa maji, likaivuta mashua na watu wake. Nahodha hakusema neno. Aliachia demani, tanga letu likapepea ovyo kwa kishindo, akaigeuza omo kuwaendea. Tuliwavuta kwa mashati. Wa mwisho kupanda alikuwa mvulana aliyekuwa ameikumbatia ndoo ya kukumbia maji na hakukubali kuiachia hata alipokuwa tayari yumo chomboni mwetu. Ilibidi tumpandishe yeye na ndoo yake. Tulifika wa mwisho. Zawadi zilishagawiwa. Mtu mmoja ufukweni alimwambia nahodha pole, naye akajibu, "Mungu ameona," akaenda kuswali.

Neno lile ni jibu kamili kwa upande wake yeye. Amana yake ameitimiza, na malipo yake hayako mikononi mwa mtu. Kwa upande wa waliokaa ufukweni na orodha ya washindi, halikuwa jibu. Wao walimwachia Mungu kazi ambayo ilikuwa yao. Mungu ameona, naam, na ameona pia kwamba orodha ile haikuandikwa kwa haki.

Tarehe 24 Septemba 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, mbio za matanga zikifanyika Pusan, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa pili katika vyombo vya mtu mmoja vinavyoitwa Finn. Upepo ulikuwa umechafuka. Akawaona watu wawili wa Singapore, walioshiriki mbio za aina nyingine, chombo chao kimepinduka na wao wako majini. Aliacha njia, akawaopoa, akangoja nao mpaka boti ya Wakorea ikawachukua, kisha ndipo akaendelea, vyombo vingi vikiwa vimeshampita. Jopo la waamuzi likamrudishia nafasi ya pili katika mbio zile, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo alipoacha njia. Katika hesabu ya jumla alimaliza wa 11, hakupata medali ya mashindano, ingawa alitunukiwa medali ya Pierre de Coubertin. Watu husimulia ushujaa wake, nami nausimulia. Lakini ninaloliheshimu zaidi ni ile nafasi ya pili. Waamuzi hawakumpa zawadi. Walikataa kumwachia hasara.

Mfano mgumu zaidi ni wa Vendée Globe, mbio za mtu mmoja mmoja kuizunguka dunia bila kituo, zinazoanzia na kuishia Les Sables-d'Olonne, Ufaransa. Mwishoni mwa Novemba 2020, katika bahari ya kusini magharibi mwa Rasi ya Tumaini Jema, chombo cha Kevin Escoffier kilivunjika na kuzama upesi, akaingia kwenye kiboti cha kujiokolea. Jean Le Cam, mwenye umri wa miaka 61, alimtafuta usiku mpaka akampata. Yannick Bestaven na Boris Herrmann nao walikuwa wameacha njia zao kumtafuta. Jopo likawafidia muda: Le Cam saa 16 na dakika 15, Bestaven saa 10 na dakika 15, Herrmann saa 6. Mwishoni mwa Januari 2021, Charlie Dalin akafika wa kwanza. Bestaven alifika karibu saa 8 baadaye, akiwa wa tatu kuvuka mstari. Zikaondolewa saa zake 10 na dakika 15, akatangazwa mshindi.

Nimebishana na watu juu ya Dalin, na wanaomtetea wana hoja. Hakukosa lolote. Hakuitwa kuokoa, kwa hiyo hakukataa kuokoa. Alivuka mstari kabla ya wote, kisha akaambiwa ni wa pili kwa sababu ya jambo lililotokea mbali naye, wiki nyingi nyuma. Je, huruma ya mtu mmoja inaweza kulipwa kutoka mfukoni mwa mwingine?

Nasema haikulipwa kutoka mfukoni mwake. Mbio zile zilikuwa za kuwapata wenye mwendo mzuri kuizunguka dunia, na saa alizozitumia Bestaven akitafuta mtu gizani hazikuwa sehemu ya mwendo wake. Kuzihesabu kungekuwa kupima kitu kingine kabisa na kukiita mbio. Dalin hakunyang'anywa. Aliambiwa kipimo cha kweli kilichokuwapo tangu siku ya kuondoka, kwa sababu kanuni ya kwanza ya kitabu ilimbana yeye kama ilivyowabana wengine, na angekuwa karibu na Escoffier angekwenda yeye na angefidiwa yeye. Mbio zilizofuata, za 2024 hadi 2025, alizishinda kwa siku 64 na saa 19 na kitu, na hakuna aliyehitaji kutoa saa wala kuongeza.

Kuna hoja ya pili, nayo ni ya dini moja kwa moja. Amali ni kwa niya. Ukimwahidi mwokozi kwamba hatapoteza, je, hujaichafua niya yake? Nadhani hoja hii inachanganya malipo na fidia. Aliyefidiwa anarudi pale alipokuwa, hapati ziada, kwa hiyo hakuna chambo cha kumvuta. Kilichoondolewa ni kizuizi tu: ile sauti inayomwambia mtu mwenye mke na deni kwamba akigeuza omo sasa atayakosa mashindano aliyoyaandalia maisha yake. Mtu kama nahodha wangu hahitaji kizuizi kile kiondolewe. Lakini sheria haziandikwi kwa ajili yake. Zinaandikwa kwa ajili ya mtu wa wastani, mwenye imani ya wastani, ambaye angependa kutenda wema ikiwa hautamfilisi. Watu wa namna hiyo ndio wengi, nami ni mmoja wao.

Kwenye mbio kubwa za kulipwa za siku hizi, vyombo vinabeba vifaa vya setilaiti, na waamuzi wanakaa mbele ya skrini, hata katika nchi nyingine, wakiwasha taa ya adhabu. Sina ugomvi na uhakika wa vyombo hivyo. Naogopa nahodha anayengoja taa. Atakuwa mwangalifu mpaka siku atakaposafiri mahali pasipo na taa. Kwa hiyo natamani shirikisho lizilinde duru mbili kwa wivu hasa kwenye Optimist, kidau cha watoto wasiozidi miaka 15, chenye urefu wa mita 2.3 tu. Mtoto anayezunguka mwenyewe, machozi yakimtoka, wakati hakuna mtu mzima aliyemwona, amefundishwa ihsani kuliko tutakavyomfundisha kwa hotuba.

Binamu yangu yumo kwenye kamati ya mbio za kijijini kwetu. Nimemwomba waandike mistari miwili: kwamba kila chombo kitamsaidia aliye hatarini, na kwamba atakayesaidia atarudishiwa nafasi yake. Amenijibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp. "Kaka, mfadhili katoa mashine moja ya boti. Sasa afike mmoja wa kwanza, nyinyi mseme mwengine ndiye mshindi, mashine tuikate? Na saa ataipima nani, kamati nzima iko ufukweni?" Nimemwambia saa waulizwe walioopolewa, wao wanajua walingoja kiasi gani, na mashine apewe mmoja, yule ambaye kamati imemwona kwa haki kuwa wa kwanza, na kamati isimame na uamuzi wake hata mfadhili akinuna. Kikao chao ni kabla ya Maulidi. Wazee wawili wameshakubali. Wa tatu anapinga, anasema likishaandikwa, kila atakayemwokoa mwenzake watu watamtazama kwa shaka, watasema kafuata nafasi, na heshima ambayo leo anapewa bure atakuwa ameipoteza. Hoja hiyo sijaipatia jibu. Nimemwomba binamu anipe namba ya simu ya mzee huyo.